Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya alama za baharini: tunaomba nguzo katika fungu la mchanga la Maziwe

Mheshimiwa,

Tunakusalimu kwa heshima na kukupa pole ya majukumu. Wiki iliyopita jahazi jingine limepanda fungu la mchanga mdomoni mwa Mto Pangani, na shehena ya simenti imegeuka mawe ndani ya mifuko. Kutoka ofisini kwako tumesikia kauli moja tu: nahodha "hakupanga safari". Basi turuhusu tukueleze safari ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hadi Pangani inavyopangwa, maana inaelekea habari hizo hazijafika mezani kwako.

Ni maili 26 hivi za baharini. Chombo kikienda maili tano kwa saa, ni saa tano na kidogo. Kilichosheheni hakiingii Pangani ila maji yakiwa juu, kwa hiyo hesabu huanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kwenye saa kumi, alasiri na usiku, na hupwa kwenye saa nne. Unalenga kuwa mdomoni saa tisa, hivyo unang'oa nanga Nungwi saa nne kasoro. Lakini saa hiyo maji yamekupwa, na chombo kilichoachwa karibu na ufukwe kimekaa mchangani. Lazima kiwe kimesogezwa kilindini tangu alfajiri.

Kwa nini saa tisa, si saa kumi? Tofauti ya kupwa na kujaa ikiwa mita 3.6, maji hupanda sentimita 30 saa ya kwanza, 60 ya pili, 90 ya tatu, 90 ya nne, 60 ya tano, 30 ya sita. Saa tisa zimebaki 30. Ukigusa mchanga, zitakuinua. Ukigusa maji yameshajaa, hakuna wa kukuinua, na kama ni kilele cha bamvua, kila siku inayofuata yanafika chini zaidi. Utalala ubavu pale karibu wiki mbili. Ukichelewa zaidi, maji yanayotoka mtoni yanakutana na mawimbi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, na mdomo wote unachemka povu.

Kwa hesabu hii tunahitaji jedwali la maji, lenye saa na vimo vya kupwa na kujaa. La mwaka huu tumeambiwa "linakuja". Kwa sasa kila mmoja na simu yake: programu moja inapima kimo kutoka kiwango cha chini cha ramani, pale maji yanapokupwa kabisa, nyingine kutoka usawa wa kati wa bahari, na kati yake kuna karibu mita mbili. Mmoja anasoma 3.8, mwingine 1.8, na maji ni yaleyale. Tena yupo aliyesoma 04:00 akaielewa saa nne. Tucheke au tulie, Mheshimiwa?

Sasa Maziwe. Mstari ulionyooka kutoka Ras Nungwi hadi mdomo wa Pangani unapita karibu juu ya fungu lile. Zamani kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Mwenye nakala kuukuu ya kitabu cha mwongozo wa pwani bado anatafuta miti. Miti ilikwisha kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umebaki mchanga, na bamvua likijaa nao unazama. Yaani saa ileile Pangani inapofunguka, Maziwe inajificha. Bamvua la mwezi mpevu angalau lina mbalamwezi. La mwezi mwandamo ni giza tupu, unasikiliza mawimbi kwa masikio huku mtu yuko omoni, mbele ya chombo, anatia bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina.

Mkondo nao unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi zaidi. Ukikusukuma maili mbili kwa saa, kwa saa tano ni maili kumi: unaiona Kigombe badala ya Pangani. Ukiogopa hilo ukajibana kusini, Maziwe inakuwa mbele ya upepo na mkondo, vyote viwili vinakusukumia juu yake.

Fungu la mdomoni nalo linahama. Wapo wanaosema ni mabwawa ya huko juu, Nyumba ya Mungu na Hale, kwamba mto umepungua nguvu ya kusukuma mchanga. Huenda. Wengine wanalaumu kukatwa mikoko. Sisi tunachojua ni kwamba njia ya mwaka juzi leo ina kina cha magoti.

Mlikuja na boti la mpira, mkapima, mkanywa madafu, mkaahidi maboya mdomoni, taa Maziwe na jedwali ukutani kabla ya msimu wa kusi. Msimu wa mwaka gani, hamkusema.

Maboya tunayataka bado. Jedwali tunalitaka bado. Lakini kama fungu la fedha ni dogo, acheni maboya, hata taa acheni. Tupeni nguzo Maziwe. Nguzo moja ya chuma, iliyopigwa rangi, inayobaki mita nne juu ya maji bamvua likijaa, yenye kiakisi mwanga cha kujibu tochi usiku. Nguzo tu, Mheshimiwa. Mafundi tutawabeba wenyewe, bure, na muda wa kufanya kazi mchanga ukiwa wazi tutawahesabia sisi.

Wako watiifu, bado,
Manahodha na mabaharia wa njia ya Nungwi na Pangani