Safari ya Unguja: someni kabla ya Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Boti inang'oa nanga saa moja asubuhi, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili tuwe bandarini Dar, kila mtu na kitambulisho chake. Begi ulishike mwenyewe. Ukimpa mchukuzi bila kupatana bei, mtavutana mkifika ng'ambo.

Ni saa mbili hivi majini, na msimu huu wa upepo wa kusi mkondo unachafuka. Wanaotapika wameze kidonge nusu saa kabla, wale kitu kikavu (chai ya maziwa hapana!), wakae chini sehemu ya nyuma. Mbele ndiko boti inakorukaruka.

Sasa bahari. Tunafika siku za bamvua, yaani maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, maana mwezi ni mpevu. Ufukwe wa Paje maji yatakuwa yamekupwa karibu saa nne asubuhi, na kuogelea ni mchana yakijaa, kilele karibu saa kumi. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50, msishike za jana. Maji yakitoka, tembeeni na viatu vya mpira: wale wadudu wa miiba mieusi wamejaa kwenye mawe, na mwiba ukikatikia ndani haukamuliki. Wasiotaka hesabu hizi wasubiri ufukwe wa Kendwa, kule hata maji yakipwa unaoga.

Forodhani, kwenye soko la vyakula vya jioni, ulizeni bei kabla ya kuchagua mshikaki, na pweza aliyelala mezani tangu magharibi mwacheni. Urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, kuleni.

Mji Mkongwe mabega na magoti yafunikwe, akina kaka pia.