Shukrani kwa mama wa dagaa pale Mwaloni

Shikamoo mama. Jina lako silijui, lakini unauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na ulinisikia nikimuuliza mwenzako wapi nitapata nazi. Nilikuwa nimetoka Pangani kuolewa Usukumani, na mama mkwe alikuwa njiani kutoka Magu na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa.

Wengine walicheka: michembe na tui? Wewe ukaacha wateja wako ukanielekeza. Nichukue dagaa waliokaushwa kwenye chanja, maana wa mchangani hutoka na mchanga hata uoshe vipi. Niwatoe vichwa, niwaoshe kwa maji ya uvuguvugu, niwakaange mpaka wakauke, ndipo kitunguu na nyanya. Tui jepesi kwanza. Tui zito mwishoni, moto mdogo, nikikoroga bila kuacha lisije likakatika. Ndimu baada ya kuepua. Michembe niichemshe pembeni mpaka ilainike, na sukari nisiiguse, kwa sababu utamu wake unatosha kushikana na chumvi ya dagaa. Hapo ulisema kweli tupu!

Mama mkwe alikula, akaongeza, kisha akaniuliza nazi inakunwaje. Siku hizi tunapika pamoja. Yeye huleta karanga za kusaga, mimi natafuta nazi, na tunaongea mengi tusiyokuwa tukiongea.

Asante sana, mama. Anayefika Mwaloni amfikishie salamu, na Jumapili yoyote akipenda, sahani yake ipo kwetu.