Barua ya wazi kwa mabinti walioamua kusema

Binti zangu,

Marahaba. Nawaandikia kwa pamoja, ninyi mnaojiandaa kusimama mbele za watu na kuyataja mambo ambayo wengi huyasema kwa kunong'ona: mshahara usiolingana na kazi, mkubwa wa ofisi anayedai rushwa ya ngono, msichana aliyekatishwa masomo ili aozwe, mke anayepigwa kisha akaambiwa avumilie. Wapo watakaowafundisha kupanga hoja na kushika kipaza sauti, na mafunzo hayo yana faida yake. Mimi nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalosahaulika zaidi, nalo ni hali ya yule aliyetangulia kusema, siku ya pili yake, watu wakishatawanyika.

Nilikuwa na umri kama wenu wenzangu waliponichagua niseme, katika mkutano wa wafanyakazi, kwamba sisi wanawake tulikuwa tukilipwa pungufu kwa kazi ileile waliyoifanya wanaume. Usiku wa kuamkia siku ile waliniahidi kwamba nikimaliza tu, wote watasimama. Nilisema, nikamaliza, nikageuka, nikawakuta wameinamisha vichwa. Mmoja wao alikuwa akifungua na kufunga kifuniko cha kalamu yake, na ukumbi mzima haukusikika kitu kingine isipokuwa kifuniko kile. Ndipo mama mmoja mfanya usafi, ambaye hata hakuwapo tulipopatana, akasema kutoka mlangoni, ufagio ukiwa bado mkononi, "Aliyoyasema ni yetu sote." Hakuongeza neno. Baada yake walisimama wawili, kisha wakawa wengi. Mishahara haikurekebishwa siku ile wala mwaka ule, lakini sikufukuzwa kazi, na hadi leo naamini kwamba yaliyoniokoa ni yale maneno manne ya mtu wa pili.

Wenzangu hawakuwa waoga kuliko watu wengine, na sijawahi kuwachukia. Kosa letu lilikuwa kupatana juu ya nini kisemwe na nani akiseme, tusipatane nani atamfuata msemaji, kwa maneno gani, na nani atakwenda naye nyumbani jioni ile. Tuliandaa hotuba, hatukuandaa watu.

Historia ya wanawake waliobadilisha mambo imejaa funzo hilo, ingawa mara nyingi husimuliwa kana kwamba mtu mmoja aliamka asubuhi akaigeuza dunia. Mnamo Machi 2, 1955, katika mji wa Montgomery, Marekani, msichana mweusi wa miaka 15 aitwaye Claudette Colvin alikataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa na polisi. Viongozi wa wakati ule walimwona mdogo mno kuwa uso wa madai yao, na mji ukaendelea na shughuli zake. Miezi tisa baadaye, Desemba 1, Rosa Parks, mwanamke mweusi wa mji uleule, alifanya jambo lilelile. Hakuwa na ushujaa zaidi ya msichana yule. Kilichotofautiana ni kwamba usiku uleule mwalimu wa chuo, Jo Ann Robinson, aliyeongoza chama cha wanawake kilichokuwa kimekwisha kujiandaa kwa siku kama hiyo, alikesha akichapa makumi ya maelfu ya vipeperushi vya kuwaita watu wasusie mabasi, na asubuhi vikaanza kusambazwa kwa mkono. Mgomo ulidumu siku 381, na sehemu kubwa ya waliokwenda kwa miguu jua na mvua walikuwa wanawake waliofanya kazi katika nyumba za watu, ambao majina yao hatuyajui. Na Colvin? Yeye alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliofungua kesi iliyoupeleka ubaguzi wa mabasi yale mahakamani, na ubaguzi huo ukaanguka mwaka 1956. Mara nyingi nimejiuliza ilikuwaje kwake miezi ile tisa aliyokaa na jambo lake karibu peke yake. Ninapowaambia mumtunze msemaji wenu wa kwanza, huyo ndiye ninayemfikiria.

Mwaka uleule wa 1955, huku Tanganyika, Bibi Titi Mohamed alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU. Aliwaendea wanawake wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, na yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kimojawapo. Wanawake wale walikuwa wakijuana, wakichangiana katika harusi na misiba, na walikwisha kuzoea kuitana na kuitika. Ndiyo maana katika miezi michache maelfu waliingia chamani. Nanyi msidhani kwamba lazima muanzishe kitu kipya chenye jina na nembo. Tazameni kwanza mahali ambapo wanawake wanakutana na kuaminiana tayari, iwe ni kikundi cha kuweka na kukopa, kwaya, darasa au zamu ya kazini, mwanzie hapo.

Mnapojiandaa, jiandaeni pia kwa kuzuiwa. Mwaka 1992 jijini Nairobi, kina mama waliokuwa wakidai kuachiliwa kwa watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa walikaa katika bustani ya Uhuru pamoja na Wangari Maathai. Mnamo Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa hadi akapoteza fahamu, na baadhi ya kina mama wakavua nguo zao mbele ya wale vijana wa polisi kwa uchungu na kwa laana. Jambo lililowadumisha halisimuliwi sana: walipata pa kwenda. Walihamia katika kanisa la All Saints, wakaendelea kukaa pale kwa muda wa karibu mwaka mzima, mpaka wengi wa wafungwa wale walipoachiliwa. Kabla hamjamtuma mwenzenu kusema, hakikisheni mnajua atalala wapi iwapo nyumbani kwake pataharibika, ni wakili yupi atakayepokea simu usiku, na nani atawachukua watoto wake.

Kuhusu maneno yenyewe nina mashauri machache. Andikeni kila jambo siku lilipotokea, katika daftari lenye tarehe, saa, mahali na majina ya waliokuwapo, na ujumbe wa simu uhifadhiwe mahali pawili au zaidi, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyeumizwa hushambuliwa kuliko kitu kingine chochote. Semeni mliyoyaona na msizidishe hata kidogo, maana jambo moja lililotiwa chumvi huwapa wapinzani kisingizio cha kuyakataa mia yaliyo kweli.

Na hili nawaomba kwa msisitizo wa mzazi: yaliyomfika mwenzenu ni mali yake. Msiyatoe hadharani kwa sababu yanafaa kwa harakati, hata kama mnampenda, hata kama mmeficha jina lake, mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo akiwa ametulia na akijua kitakachofuata. Nimewahi kumwona mwanamke aliyenyamazishwa mara mbili, kwanza na aliyemtenda, kisha na waliomtetea, kwa kuwa walisema kwa niaba yake maneno ambayo hakuyachagua, naye akabaki akiishi ndani ya hadithi ya watu wengine. Anayetaka kunyamaza bado ni mwenzenu. Mpeni kazi nyingine isiyomlazimu kusema.

Matusi yatakuja, na ninyi mnajua kuliko mimi yanavyokuja sasa kwa njia ya simu: picha zilizotengenezwa, maswali juu ya ndoa, vitisho kutoka kwa watu wasio na sura. Msimwache anayetukanwa ayasome peke yake. Mmoja wenu achukue simu yake kwa siku mbili, amsomee yale ya lazima tu, ahifadhi vitisho kwa ajili ya polisi na wakili. Na yeyote anayemtumia picha ya skrini yenye tusi jipya kwa kisingizio cha kumjulisha, aombwe kwa upole aache.

Msimgeuze msemaji wenu kuwa sanamu. Wanawake 14 wa Argentina waliokusanyika Aprili 30, 1977 katika uwanja wa Plaza de Mayo kuwatafuta watoto wao waliotekwa na serikali ya kijeshi waliambiwa na polisi kwamba kusimama kwa kikundi kumekatazwa, basi wakashikana mikono wawili wawili wakatembea. Mwezi Desemba mwaka huo Azucena Villaflor, aliyekuwa chachu yao, alitekwa naye akauawa. Waliobaki waliendelea kutembea. Waliweza kwa sababu kila mmoja wao alijua kwa nini yupo pale, hakuwa akimfuata Azucena tu. Kwa hiyo badilishaneni kusema, hata kama yupo mmoja aliyejaliwa ulimi kuliko wote, na mwenye sauti ndogo apewe nafasi mapema, kabla ukumbi haujachoka.

Mtakosana wenyewe kwa wenyewe. Msiogope hilo, ila msigombane mbele ya wanaowangojea mgombane. Mtachoka pia, na anayechoka aruhusiwe kupumzika bila kuitwa msaliti, kwa sababu nimeona wengi wakirudi baada ya miaka na nguvu ambayo hawakuwa nayo mwanzoni.

Nimesikia kwamba mtakutana tena kabla ya mwezi kwisha ili kuchagua atakayesema. Mkishamchagua, msifunge kikao. Chagueni na atakayesimama wa pili, mumpe maneno yake, mumsikilize akiyatamka kwa sauti mara mbili tatu mpaka yasimshinde. Kisha mpigieni simu yule ambaye hakuja.

Ni mimi mama yenu.