Mwanangu, ile picha ya mlima

Mwanangu, habari za huko Mauritius? Sisi huku Kilwa wazima, mguu wa mama yako umepoa kidogo. Ile picha uliyotuma wasap juzi, umesimama kando ya miwa na nyuma kuna mlima, nimeiangalia mpaka chaji imeisha. Huo mlima ni Le Morne.

Watumwa waliotoroka mashambani walikuwa wanajificha huko juu. Enzi za Wafaransa sheria ilikuwa ukitoroka mara ya kwanza wanakukata masikio na kukuchoma chapa begani, mara ya pili wanakukata mshipa nyuma ya goti, mara ya tatu wanakuua. Na bado watu walipanda.

Sasa ujue wengine walitoka wapi. Mwaka 1776 Mfaransa anaitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa hapahapa kwetu, auziwe watumwa 1000 kila mwaka, piastre 20, sarafu za fedha za enzi hizo, kwa kichwa. Hapahapa Kisiwani, ulipokuwa unalilia nikupeleke na ngalawa. Na sikufichi, waliowaswaga kutoka bara mpaka pwani walikuwa Waafrika wenzao, wananiuma hao kuliko hata Morice. Huko Mauritius walifika Wamakua wengi, na bibi yako mzaa mama ni Mmakua, nadhani umenielewa.

Mimi miwa naijua kwa mwili wangu. Kabla hujazaliwa nilikata msimu mmoja, kibarua, majani yanachana mikono kama wembe, shamba likishachomwa masizi yanaingia mpaka kooni unatema mate meusi, jasho likigusa zile chale unataka kulia na panga huwezi kuliweka chini. Lakini mimi nilikuwa nalipwa, na msimu ulipoisha nikapanda basi nikarudi kwa mama yako. Wale hawakuwa na basi.

Utumwa ulifutwa huko tarehe 1 Februari 1835, Waingereza ndio wanatawala, wakawalipa fidia wenye mashamba, watumwa wenyewe hata senti, wakaambiwa wabaki kwa mabwana walewale eti wanajifunza kazi, mpaka 1839. Wajifunze nini, kukata miwa waliyoikata maisha yao yote? Alafu wakaletwa Wahindi wa mikataba ya kazi mashambani, karibu nusu milioni mpaka mwanzoni mwa karne iliyopita. Huyo bosi wako wa jikoni unayesema ana asili ya India, muulize taratibu, huenda na babu zake walipita humohumo kwenye miwa.

Wenyeji wanasimulia kwamba askari walipopanda mlimani kutangaza uhuru, waliojificha wakadhani wanakuja kukamatwa, wakajirusha.

Tarehe 1 Februari huko ni sikukuu, ukipata ofu nenda pale chini ya mlima. Utakuta ngoma ya sega, muziki wa hukohuko, ngozi wanaipasha kwenye moto kwanza kama sisi. Nirekodie, hata dakika mbili, bando nitaweka, bibi yako anataka kuisikia.

Baba yako