Nyota tano pekee zisikushawishi kununua

Mhariri,

Maoni ya wanunuzi mtandaoni yana faida kubwa, ila si kwa kutazama nyota peke yake. Wastani wa 5.0 uliotokana na watu 8 ni dhaifu kuliko 4.4 ya watu 900. Panga maoni kwa tarehe, mapya yatangulie: sifa zilizomiminika ndani ya siku mbili tatu, kisha kimya, zitiliwe shaka. Angalia pia kama maoni ya zamani yanazungumzia bidhaa nyingine kabisa. Wapo wauzaji wanaobadilisha picha na jina kwenye ukurasa uleule ili warithi nyota za kitu kilichosifiwa, na huo ni wizi mtupu.

Alama ya kuthibitisha kwamba mtu kanunua nayo haitoshi, kwani muuzaji anaweza kumrudishia fedha kwa siri. Marekani ilipiga marufuku maoni bandia mwaka 2024, lakini muuzaji aliye ng'ambo hafikiwi kirahisi.

Anza na maoni ya nyota mbili hadi nne. Huko ndiko hutajwa kasoro halisi, kama betri kufa mapema au vipimo kutolingana na maelezo. Kasoro ileile ikitajwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa maneno yake, iamini.

Msomaji wenu