YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na habari ya viti vilivyolegea

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa mkondo wa amali (wanaosoma ufundi pamoja na masomo ya kawaida)

Ndugu Wazazi na Walezi,

Kamwene. Shule inafungwa Ijumaa saa nne asubuhi, baada ya usafi. Ripoti ya mwanao imo ndani ya bahasha hii. Naomba uisome hadi ukurasa wa pili, maana wengi wetu tukishaona nafasi aliyoshika darasani tunaikunja na kuitia mfukoni. Safari hii karakana ina ukurasa wake.

Nianze na viti, kwa sababu najua habari zake zimeshafika sokoni kabla ya barua hii.

Mwezi wa tatu wanafunzi wa useremala walitengeneza viti 24 kwa ajili ya shule ya msingi ya jirani. Vilipendeza. Tulivikabidhi kwa nyimbo, mwenyekiti wa mtaa akakalia kimoja, picha zikapigwa. Baada ya wiki sita mwalimu mkuu mwenzangu akanipigia simu: miguu inacheza. Tulipokwenda tukakuta viti 17 vimelegea kwenye maungio. Wapo waliosema watoto wamelipua kazi. Hawakulipua. Vipimo vilikuwa sahihi, ulimi wa kila mguu ulikaa kwenye tundu lake hadi ukahitaji nyundo ya mbao kuingia. Tatizo lilikuwa ubao mbichi, na aliyesaini manunuzi bila kuuliza ulipasuliwa lini ni mimi.

Sisi watu wa Mafinga tunaishi katikati ya mbao. Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote ya serikali, liko mlangoni petu, na malori ya magogo yanapita mbele ya geti kutwa. Hata hivyo wanafunzi wengi walikuwa hawajawahi kujiuliza ndani ya ubao kuna maji kiasi gani. Mwalimu wa karakana akaiweka ratiba yake pembeni. Akakata kipande katikati ya ubao uliokuwa chini kabisa ya rundo stoo, wakakipima kwenye mizani ya maabara: gramu 200. Wakakiweka kwenye oveni ya wanafunzi wa upishi, wakawa wanakitoa na kukipima mpaka uzito ukaacha kushuka: gramu 125. Maji gramu 75, gawanya kwa uzito wa ubao mkavu, asilimia 60. Kiti cha kukaa ndani kinataka ubao wa asilimia 12 au karibu na hapo.

Ubao unapokauka, kwa urefu haubadiliki sana. Unasinyaa kwa upana na kwa unene. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliliona hilo kabla mwalimu hajalisema, akiwa ameshika mguu wa kiti na kuutikisa: "Mwalimu, ulimi umekonda." Basi. Gundi haiwezi kuziba pengo la namna hiyo, na msumari unasaidia kwa wiki mbili tu.

Sasa nyuma ya karakana kuna banda wamelijenga wenyewe. Mbao zimepangwa juu ya matofali, kila safu imetenganishwa na ya juu yake kwa vijiti ili upepo upite, na ncha zimepakwa rangi ili zisikauke haraka kuliko katikati zikapasuka. Kila Jumatatu wanapima na kuandika. Kwa baridi na ukungu huu wa Juni zitachukua muda wake, na sitaki mtu awaharakishe. Viti 9 vimeshatengenezwa upya kwa mbao kavu, vilivyobaki vinasubiri. Ndiyo maana Ijumaa hakutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono, na wale wa ushonaji, ambao sketi zao za sare zimetoka vizuri kabisa, wanisamehe.

Kuhusu huo ukurasa wa pili. Hamtakuta alama za mia. Mtakuta orodha ya kazi, na mbele ya kila kazi maneno: anaweza peke yake, anaweza akisimamiwa, au bado. "Bado" si kufeli. Maana yake atairudia Julai. Mwanafunzi mmoja wa uashi amepata 23 kwenye Hisabati ya darasani. Nje, kwenye msingi wa choo kipya, huyo huyo alipata kona ya nyuzi 90 kwa kamba na vigingi: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, akasogeza kigingi mpaka mshazari ukasoma mita 5 kamili. Mwalimu wa Hisabati alipomwonyesha kwamba 9 na 16 ni 25, na kwamba hilo ndilo lililomshinda kwenye karatasi, alicheka kwa hasira kidogo, kama mtu aliyegundua kuwa mgeni aliyemkimbia ni ndugu yake. Hiyo 23 tumeiacha kwenye ripoti. Ni ya kweli, ila na kona nayo ni ya kweli.

Muhula huu wazazi 6 walikuja ofisini kutaka watoto wao watolewe kwenye mkondo wa amali. Nawaheshimu, kila mmoja alikuwa na sababu. Lakini mmoja aliniambia mbele ya binti yake, "Mwalimu, huyu alifaulu, mnampelekaje kwenye umeme wa majumbani?" Binti alikuwa amejaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Wakati wote tuliozungumza hakuinua macho.

Majumbani kwetu ufundi ni tishio. "Usiposoma utaishia gereji." "Ukifeli nakupeleka kwa mjomba wako ukachanganye zege." Mtoto anayasikia hayo tangu darasa la pili, halafu anafika kwetu tunamkabidhi mwiko na kumwambia hii ni elimu. Atatuaminije? (Na huyo mjomba wa zege, tuseme ukweli, ndiye tunayemkopa kila Januari.)

Walimu nasi tumo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka kazi na darasa viwe kitu kimoja. Mimi nilisoma wakati ambapo sekondari zilikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, na hapa mkoani kwetu kupata nafasi Ifunda kusomea ufundi ilikuwa sifa kwa ukoo mzima. Lakini kwa wengi wa rika langu, tukiulizwa kujitegemea kulikuwa nini, tunakumbuka jembe: ukichelewa, jembe, ukipiga kelele, jembe, na mahindi ukiuliza yalikokwenda, jembe tena. Kilichokusudiwa kuwa somo kikageuka adhabu, na mtu hapendi kilichomwadhibu. Kwa hiyo tumekubaliana walimu wote: kuanzia muhula huu hakuna mwanafunzi atakayepewa kazi ya karakana wala ya bustani kwa kosa la nidhamu. Nawaomba nanyi mfanye hivyo nyumbani. Tishio la gereji mliache.

Mnaouliza "baada ya hapo je?" mna haki ya kuuliza. Mkondo huu, uliokuja na mitaala mipya mwaka 2024, haujafuta masomo mengine. Hisabati na Kiingereza wanasoma, Historia ya Tanzania na Maadili wanasoma. Ufundi stadi una ngazi zake tatu, na juu yake kuna stashahada katika vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya chenyewe kilianza kama chuo cha ufundi. Na kwa mzazi ambaye ni fundi wa miaka mingi bila karatasi: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Ukitaka kujua zaidi njoo, mtaaluma wetu atakuelekeza. Tena ukija, ingia karakana. Mafundi wazazi 3 walikuja muhula huu kufundisha kwa saa mbili mbili, na aliyewafundisha watoto kunoa patasi amewasaidia kuliko kitabu chochote tulichonacho stoo.

Kazi ya likizo ni moja. Kila mwanafunzi atafute nyumbani kitu kibovu, kiti, pasi, begi, mlango unaokwaruza, chochote. Kabla ya kukigusa aandike anachodhani kimekiharibu. Kisha akifungue, na aandike alichokuta. Akikitengeneza ni vizuri, akishindwa pia alete maelezo. Ninachoomba kwenu ni kumwachia, na kumruhusu aharibu kidogo. Vitu vya umeme vichomolewe kwanza ukutani. Waya za nyumba zisiguswe kabisa, hata kama mwanao anasema ameshafundishwa.

Na hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu likizo ya mwaka jana tulipata kijana aliyerudi na vidole vilivyofungwa bandeji: kusoma useremala si ruhusa ya kumpeleka mtoto kwenye dingdong, zile mashine za kupasulia mbao, akatafute hela ya sare. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na msumeno wa mashine hauulizi umri. Kama kuna fundi mnayemwamini, mtoto akae naye, ashike randa ya mkono, msasa, futi kamba, na alipwe hata kidogo. Akirudi na buku mbili aliyoitolea jasho, msimnyang'anye.

Julai kila mmoja wa karakana aje na aproni na kitambaa cha kufunika pua kwa ajili ya vumbi. Aproni si lazima inunuliwe. Gunia safi au shuka kuukuu vinatosha, wa ushonaji watazikata. Miwani ya kinga tutatoa sisi. Asiye na uwezo wa chochote kati ya hivyo aniambie, hakuna atakayerudishwa nyumbani. Sweta zisisahaulike, mnajua Julai yetu.

Wenu,
Mkuu wa Shule

N.B. Wengi mmeniuliza juu ya kiti kile alichokalia mwenyekiti wa mtaa. Kimo kati ya vile 7 visivyolegea. Wanafunzi wanasema ni kwa sababu alikikalia kwa wasiwasi.