Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: nguruwe wetu wanachinjwa gizani

Ndugu Mkurugenzi,

Nauza kitimoto hapa mkoani Mbeya, huu mwaka wa tisa, na biashara hii ndiyo inayosomesha wanangu. Nakuandikia kwa sababu ya paja moja la nguruwe.

Nililinunua alfajiri, kabla hakujapambazuka. Nilipolipasua nikakuta ndani ya nyama vilengelenge vyeupe, kama punje za mchele, ukikibonyeza kimoja kinatoa maji. Nikalirudisha. Mchinjaji hakubisha, akanirudishia hela yangu. Kufika jioni paja lile lilishauzwa kwingine, kwa bei ya kutupa.

Vile ni vitoto vya tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Ukila nyama ambayo haijaiva, tegu anakua tumboni mita kadhaa, na mayai yake yanatoka na choo kikubwa. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, naye anaota vilengelenge. Linaloniuma zaidi ni hili: mtu akimeza mayai hayo, kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, vilengelenge vinaota mwilini mwake, hata kwenye ubongo, na kifafa kinafuata. Wala si lazima awe mla nguruwe. Mtaani kwetu kuna mama ambaye dini yake haimruhusu hata kuigusa, lakini picha ya kichwa ilivionyesha. Mkono wake una kovu la jiko la mkaa aliloliangukia kifafa kilipomshika. Waliokuwepo waliogopa kumshika, wakidhani povu lake linaambukiza. (Haliambukizi, jamani.) Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata hivi.

Naomba machinjio ya nguruwe, hata sakafu ya zege na bomba la maji tu, na mkaguzi awepo kabla nyama haijakatwa. Leo nguruwe anachinjwa uani saa kumi usiku. Afisa mifugo akiamka, nyama iko kwenye mafuta.

Tafadhali usianze na faini. Mfugaji akijua atanyang'anywa nguruwe mzima bila kitu, atamficha zaidi. Anza na dawa: oksifendazoli, dozi moja ya miligramu 30 kwa kila kilo, inaua vilengelenge kwenye nyama nguruwe akiwa hai, ilimradi apewe miezi kadhaa kabla ya kuchinjwa. Halafu mabanda, na vyoo vyenye milango.

Mimi nitanunua nyama yenye muhuri tu, hata ikipanda bei. Wauzaji wenzangu wanne wameniambia nao watafanya hivyo. Tunausubiri huo muhuri.

Muuza kitimoto, Mbeya